Watoto Wasiohesabiwa

(Hotuba iliyotolewa Karatu, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya ugonjwa wa korona na watoto. Duniani kote ugonjwa huu uliua wazee kuliko watoto. Hata hivyo, madaktari waliojumlisha taarifa za mwaka wa kwanza, 2020, waliona kwamba katika kila vifo 10 vya watoto, zaidi ya 9 vilitokea katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Je, kwa nini?

Kwanza, watoto wengi wako huku. Tanzania karibu nusu ya watu wana umri chini ya miaka 18, lakini Italia ni nchi ya wazee.

Pili, matibabu yako mbali. Mtoto anayeshindwa kupumua huhitaji oksijeni upesi. Yule wa Nainokanoka akipewa rufaa ya Karatu, hana budi kuzungushwa ukingoni mwa kreta ndipo ateremshwe huku. Akiwa pia na utapiamlo au kifua kikuu, safari hiyo ni ndefu mno.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, kuna daftari. Nchi yetu ilitangaza wagonjwa 509 na vifo 21 hadi mwanzoni mwa Mei 2020, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mgeni akitulinganisha na Uingereza kwa tarakimu hizo, atadhani tulisalimika. Wala si korona peke yake. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Tanzania Bara, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, wapatao 13 tu walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Asiyeandikwa alipozaliwa, nani atamwandika akifa? Akifia bomani kwa surua au nimonia, huzikwa, mama yake hulia, na wilayani hakuna anayejua.

Kwa hiyo, wanafunzi, mkisoma kwamba nchi fulani ilipoteza watoto wengi kuliko nyingine, ulizeni kwanza ni nani aliyehesabu. Nanyi wenzangu mlio viongozi wa vijiji na waganga wa zahanati, mwandikeni kila mtoto, azaliwapo na afapo. Chanjo na oksijeni hugawiwa kwa hesabu, na kijiji kisicho na hesabu hukumbukwa mwisho.