Furaha Isiyongoja Mnada: Ibada ya Wahindu Katikati ya Mateso ya Dunia

Mhadhara wa umma, Chiungutwa, Masasi



Nimekuja kuzungumzia dini ambayo wengi wetu kusini huku tumeijulia mlangoni mwa duka. Baniani tulimkuta Lindi, Mikindani na Masasi, akipima nguo na kununua mazao. Tukamtungia na methali, Baniani mbaya kiatu chake dawa, tukaridhika kwamba tumemjua. Akishafunga duka jioni anamwendea Mungu gani, na anarudi na nini moyoni, hilo hatukumuuliza. Leo nataka tuulize. Dunia hii imewatesa watu wale kama ilivyotutesa sisi, na bado wana furaha yao wanayoitunza. Wanaipataje?

Niruhusuni nianzie kwenye korosho. Miaka nenda miaka rudi korosho ghafi ya Mtwara imesafirishwa kwenda India, na huko wabanguaji mashuhuri ni wanawake wa Kollam, katika jimbo la Kerala. Korosho iliyobanguliwa husagwa, ikapikwa na sukari mpaka ikashikana, ikasukumwa kama chapati, ikakatwa vipande. Ndiyo kaju katli, tamutamu ya sikukuu ya Diwali. Katika nyumba ya mcha Mungu haionjwi mpaka iwekwe kwanza mbele ya Mungu wa nyumba ile; baada ya hapo hugawiwa kila aliyepo, na sasa huitwa prasada. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, wakati sisi tunaokota korosho na kusikilizia mnada wake. Mikono ya watu wa hapa imo katika sadaka ile, ingawa hakuna aliyetuambia.

Tukisikilizia mnada, tunasikilizia jambo lisilo mikononi mwetu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho; kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, mbali na mikorosho yao, bei haikumlipa mkulima, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaunguza maua. Aliyepalilia kwa bidii na aliyelala walipata hasara ileile.

Sasa sikilizeni kisa cha Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Arjuna, mpiga upinde hodari, amesimama kati ya majeshi mawili huko Kurukshetra. Upande wa pili anawaona wajomba zake, walimu wake, ndugu zake. Anaishiwa nguvu, anakaa chini. Anayemjibu ni mwendesha gari lake la vita, Krishna, ambaye ndiye Mungu mwenyewe. Katika mengi anayomfundisha limo hili: kazi ni yako kuitenda, matunda yake huna mamlaka nayo. Mkulima wa korosho hahitaji profesa wa kumfafanulia.

Lakini mafundisho yangeishia hapo yangekuwa makavu. Mtu hawezi kuishi kwa kuambiwa tu asitarajie. Mbele zaidi Krishna anasema kwamba yeye hupokea hata jani, ua, tunda au maji, mradi mtoaji ametoa kwa mapenzi. Hapo ndipo ilipo bhakti, ibada ya mapenzi: kazi ambayo matunda yake si yako sasa ina wa kupewa. Na ninyi watu wa huku msiyadharau yale maji. Mama wa uwanda wa Newala aliyeshuka bondeni kabla ya jua na kupandisha ukingo akiwa na ndoo kichwani anajua sadaka ya maji ina uzito gani.

Mambo haya hutendwa kila siku, kwa mwili. Dar es Salaam, mitaa ya Kisutu, jioni utasikia kengele za mahekalu. Ndani, tambi zilizolowekwa katika samli zinawaka juu ya sinia. Sinia linazungushwa polepole mbele ya sanamu iliyovishwa nguo na maua, watu wanaimba na kupiga makofi. Wimbo ukiisha, sinia linapita kwa watu. Kila mtu anapitisha viganja juu ya mwali, kisha anavigusisha machoni na kichwani. Mwenye deni yupo, mwenye mgonjwa yupo, mjane yupo. Matatizo yao wanayakuta nyumbani vilevile. Ila kwa muda ule wameimba pamoja kitu kikubwa kuliko matatizo hayo, na kesho wataimba tena. Waliokaa katika dhikri ya Kadiriya, au waliolelewa katika kwaya za Kianglikana hapa Masasi, wananielewa.

Na mateso ya Wahindu hawa hayakuwa ya kusimuliwa vitabuni. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwatawanya wengi. Mwaka 1971 serikali yetu ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kihindi zikapoteza nyumba zao kwa siku moja. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Miungu midogo ya shaba hufungashika katika sanduku la nguo, na nyimbo hazipimwi forodhani. Ibada yao ilikwenda nao Leicester na London, ikaendelea.

Najua swali lililo vinywani mwenu: je, hii si dawa ya kumlaza maskini asidai haki yake? Ni swali zito, na aliyeliuliza kwa ukali kuliko wote ni Mhindi. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililoitwa najisi, alionya mwaka 1949 kwamba bhakti ikiingia katika siasa huzaa udikteta. Mwaka 1956, huko Nagpur, aliuacha Uhindu pamoja na wafuasi wake maelfu kwa maelfu, wakawa Mabudha. Nampa haki yake yote. Furaha ya hekalu linalomfungia mtu mlango ni furaha iliyoibwa.

Ila bhakti yenyewe ina mashahidi wengine. Kabir alikuwa mfumaji, Ravidas fundi wa ngozi. Narsinh Mehta, Mbrahmini wa Gujarat katika karne ya 15, husimuliwa kwamba alikwenda kuimba usiku kucha katika nyumba za watu wa chini, na Wabrahmini wenzake wakamtenga. Hakuacha kuimba. Na kumbukeni, Krishna hakumwacha Arjuna amekaa, alimwinua.

Watu wa Kisutu na wenzao wa Nairobi na Mombasa, ambao wengi wametokea Gujarat, kwa Narsinh Mehta, nawaambia kwa mapenzi: kazi ya kumwendea aliye nje ya jamaa yenu bado mnayo. Kwa vizazi vingi ibada ilibaki ya jamaa kwa jamaa, Mwafrika akiishia kwenye duka. Prabhupada, mwasisi wa jumuiya ya Hare Krishna, alipofika Kenya mwaka 1971 alisisitiza kwamba Waafrika wakaribishwe, na nyimbo za Krishna zikaimbwa hadharani katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ghana ilikwenda mbali zaidi: Swami Ghanananda Saraswati, Mwafrika halisi, alianzisha makao ya watawa wa Kihindu mjini Accra mwaka 1975, akayaongoza mpaka alipofariki mwaka 2016.

Kwetu Tanzania bado sijasikia nyimbo hizo zikiimbwa kwa Kiswahili na mtu wa Masasi. Ningependa kuzisikia, na ningependa kujua ninyi mngeweka nini juu ya sinia lile. Karibuni tuzungumze.