Chakula Laini cha Ndege wa Kanari



Nimeombwa niseme nanyi juu ya ndege wa kanari na chakula chake laini, na najua wapo watakaouliza yatufaa nini habari ya ndege asiyeliwa wala mayai yake hayauzwi. Jibu langu ni fupi. Mtu akimfungia kiumbe ndani ya tundu, amejitwika kazi ambayo kiumbe huyo angeifanya mwenyewe, nayo ni kutafuta chakula.

Asili ya kanari ni visiwa vya bahari ya Atlantiki, yaani Visiwa vya Kanari, Madeira na Azores, naye ni wa jamaa moja na chiriku wetu wa manjano. Huko kwao hula mbegu, lakini si mbegu kavu peke yake. Huzitafuta zilizo mbichi, zingali na maziwa, na mara nyingine huokota wadudu wadogo. Katika tundu hupewa mbegu kavu mwaka mzima. Mbegu hizo zina wanga na mafuta, lakini protini yake, yaani kile chakula kijengacho mwili, ni pungufu, na chokaa yake ni haba mno. Ndege mzima asiyezaa aweza kuvumilia. Kinda hawezi.

Tazameni hesabu yake. Kinda huanguliwa baada ya siku 13 au 14, hana manyoya, macho yamefumba, na uzito wake haufiki gramu 2. Baada ya siku 18 hivi hutoka kiotani, naye amekaribia uzito wa wazazi wake, ambao ni gramu 20 hivi. Hakuna ndama akuaye mbio namna hiyo. Mwili huo wote hutokana na chakula anachotapikiwa kinywani, na mama hawezi kutapika asichopewa.

Basi chukueni yai la kuku, mlichemshe kwa dakika zisizopungua 10 hata kiini kiwe kigumu. Lipondeni lote, kiini na weupe wake, mkalichanganye na mkate uliokaushwa na kusagwa, mpaka liwe kama chenga zenye unyevu kidogo, zisizogandamana mkononi. Gamba nalo msilitupe. Likichemshwa na kutwangwa humpa mama chokaa ya kutengenezea mayai mengine. Majani mabichi yaliyooshwa vizuri yafaa pia, ila parachichi msimpe kamwe, kwani kwetu sisi ni chakula kizuri, lakini kwa kanari ni sumu.

Wengi huharibikiwa hapa: chakula cha yai huchacha upesi. Wafugaji wa kale wa Uingereza walipoona kiota kimelowa na kifua cha mama kimelowa, walisema mama anatoka jasho, wakamlaumu yeye. Lakini ndege hana jasho. Maji yale yalikuwa ya makinda walioharisha. Kinda mwenye afya hutoa uchafu wake umefungwa katika ngozi nyembamba kama kifuko, na mama huuondoa. Akiharisha hakuna kifuko, na kiota chote huoza. Kwa hiyo toeni kidogo kidogo, kijiko kimoja cha chai, mara tatu au nne kwa siku tangu alfajiri, na kilichosalia kiondolewe baada ya saa 2. Penye joto kama la pwani, msingoje hata hizo saa 2. Chombo kioshwe kila mara. Ni afadhali kinda apewe kidogo kilicho kizuri kuliko kingi kilichochacha.

Wala chakula hiki si cha kila siku ya mwaka. Kikizidi, ndege hunenepa na kutaka kuzaa kabla ya wakati. Mama anapoatamia kipunguzwe, kianze tena siku moja kabla ya mayai kuanguliwa. Wakati wa kubadili manyoya kirudishwe, maana unyoya karibu wote ni protini. Katika miaka ya 1870 wafugaji wa Uingereza walitia pilipili nyekundu ndani yake, na manyoya ya manjano yakaota na rangi ya chungwa. Sioni faida aliyopata ndege.

Hatari ya mwisho huja makinda watokapo kiotani. Mwenye ndege huwaona wamekuwa wakubwa, akawawekea mbegu kavu tu, na baada ya siku chache huwakuta wamekufa mbele ya kibakuli kilichojaa. Midomo yao haijapata nguvu ya kupasua maganda, na nguvu hiyo huja wafikapo majuma 5 au 6. Wapeni yai pamoja na mbegu zilizolowekwa hata zikachipua kidogo, zikasuuzwa kwa maji safi, na mbegu kavu ziwepo kando wazijaribu. Kisha angalieni chini ya tundu kila asubuhi. Mkiona maganda matupu yamezagaa, anzeni kupunguza yai.