Malezi ya Mtoto wa Mbwa Yaanze Mapema



Kila siku ya chanjo ya mbwa, jambo moja hujirudia. Mbwa mmoja huletwa kwa kamba na kijana wa nyumbani, huchomwa sindano, akarejea kwa utulivu. Mwingine, aliyekulia nyuma ya nyumba pasipo kuguswa, humwuma mwenyewe, hukata kamba na kutoroka bila chanjo. Mara nyingi tofauti hiyo huanza kabla mnyama hajatimiza miezi 4.

Kuanzia takriban juma la 3 hadi la 12 au 14, mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila hofu kubwa. Baada ya hapo, asichokijua hukiogopa. Na mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kuuma. Mwaka 1961, watafiti wa Bar Harbor nchini Marekani walieleza kuwa watoto wa mbwa waliokuzwa uwanjani bila kuzoeana na watu hadi juma la 14 waliwakimbia watu kama wanyama wa porini.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya juma la 8, kwani katika mchezo na ndugu zake hujifunza kupunguza ukali wa meno. Kila siku ashikwe kwa upole masikio, miguu na mdomo. Azoeshwe kamba, mlio wa bodaboda, wageni, mifugo, na watoto wakiwa chini ya uangalizi wa mtu mzima. Akiogopa, asilazimishwe. Kabla ya kukamilisha chanjo, asipelekwe jalalani wala machinjioni, wanakozurura mbwa wasiojulikana.

Hata hivyo, upole si kinga ya kichaa cha mbwa. Chanjo ikifikia asilimia 70 ya mbwa, maambukizi baina yao hudhibitika. Kila mbwa asiyeshikika hulirudisha nyuma lengo hilo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Udongo uwahi ungali maji. Mwenye mtoto wa mbwa nyumbani aanze leo, na amwone afisa mifugo wa kata kuhusu ratiba ya chanjo.