Kabla ya Kulipia Jenereta ya Mtumba

Maneno haya yalitolewa na afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wafanyabiashara wadogo na vyama vya akiba.



Mimi si fundi, ni mwandishi wa habari. Haya niliyoyaleta nimeyapata kwa mafundi wa jua kali, kwa sababu swali la jenereta halikosi kuulizwa. Stima ikipotea kinyozi anakaa bure na samaki wanaoza ndani ya friza. Jenereta mpya ni ghali, kwa hivyo tunakimbilia ya mtumba, na mara nyingi pesa zenyewe ni za chama au za mkopo.

Anza na kile kibati chenye maandishi. Stima yetu Kenya ni volti 240, hezi 50. Mashine iliyotengenezewa Marekani hutoa volti 120 kwa hezi 60, na ya Japani volti 100. Hata iwe nzuri namna gani, hiyo si ya friza yako. Soma pia nguvu yake. Ikiandikwa kVA 5, mara nyingi utapata kama kilowati 4 tu. Kuna nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine huistahimili kwa muda mfupi, na kuna nguvu ya kazi ya kila siku. Piga hesabu kwa hiyo ya pili, na ukumbuke kwamba friza au pampu ya kisima huvuta mara kadhaa zaidi inapowaka.

Namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa, nenda zako. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kibati kilichokwanguliwa utakielezaje kituoni?

Sasa injini. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha ukifika iguse. Ikiwa ina joto, kuna jambo analoficha, maana injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikishapashwa moto. Rudi kesho yake. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi si ajabu; iliyo kama chai ya maziwa imeingia maji. Oili nzito kupita kiasi pia itilie shaka, kwani wako wanaoitumia kuficha moshi. Tazama vichwa vya bolti: vikiwa na mikwaruzo mipya, injini ilifunguliwa juzi, nawe una haki ya kuuliza kwa nini. Rangi mpya juu ya mashine kuukuu mimi huiona kama poda usoni.

Iwashe. Moshi wa buluu usiokwisha maana yake inachoma oili, na hapo ringi au silinda zimelika. Hiyo ni gharama kubwa. Moshi mweusi huenda ni kichujio cha hewa kilichoziba tu, jambo dogo, lakini litumie kushusha bei.

Wengi huishia hapo. Injini inanguruma, balbu inawaka, wanalipa. Balbu moja haijaribu kitu. Beba birika la stima la wati 2,000 na pasi, na umwite fundi mwenye mita. Chomeka kimoja, halafu kingine, mradi usizidishe nguvu ya mashine. Volti zishuke kidogo tu, na injini ijikaze kisha itulie. Ikiyumba au ikizima, basi. Iache na mzigo huo nusu saa, kwani kasoro nyingi hujitokeza ikishapata moto. Na muuzaji akikwambia "haitoi stima kwa sababu imekaa sana, ni kuiamsha tu", mwambie aiamshe mbele yako kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Ukiridhika, andikianeni: jina, namba ya kitambulisho, namba ya mashine, bei na tarehe.

Ukifika nyumbani, usiiwashe ndani, wala jikoni, wala kwenye veranda karibu na dirisha, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na humuua mtu akiwa usingizini. Tena msiunganishe na nyaya za nyumba kwa kuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Stima hiyo hurudi hadi kwenye nguzo na kumkuta fundi wa Kenya Power aliyeamini waya umekufa. Fundi mwenye leseni ya EPRA atakuwekea swichi ya kubadilishia.

Naona fundi wetu pale nyuma ameinua mkono, nadhani ni kuhusu kabureta. Karibu mbele, ndugu.