Tusipokee Kipya Kabla Hakijajaribiwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)

 

 Katibu wetu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya kompyuta na maendeleo. Mada hiyo ni pana kama mbuga ya Serengeti, na mtu akiingia humo bila dira atatembea mpaka jioni asifike popote. Kwa hiyo nimechagua kijia kimoja chembamba. Nitasema juu ya programu za kompyuta za kuigiza urushaji wa ndege, na juu ya adha wanayoipata watumiaji wake pale toleo jipya linapotolewa kabla halijaiva. Najua baadhi yenu mnajiuliza jambo hilo linamhusu nini kijana wa Tarime au wa Mugumu. Linamhusu sana, hasa wakati huu ambapo chama chetu kinazungumzia kuchangia chumba cha kompyuta cha shule hii.

Kila aliyekulia katika wilaya zetu hizi mbili ameona jinsi maksai mchanga anavyofundishwa kazi. Hafungwi plau siku ya kwanza. Hufungwa nira pamoja na mkongwe, akavutishwa gogo, akazunguka nalo mpaka shingo izoee uzito na sikio lizoee sauti ya mwenye kumwongoza. Akikosea pale hakuna mfereji uliopinda wala mbegu iliyopotea. Ndugu zangu, gogo lile ndilo simuleta ya maksai. Simuleta ni chombo cha kuigizia kazi yenyewe, ili mwanafunzi akosee mahali ambapo kosa halina gharama.

Na angani kosa lina gharama kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti wakiwa katika ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Mwezi Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai angani, ikaanguka, na Michael akafa. Daftari lina kifutio; anga haina. Ndiyo maana watu walianza mapema kutafuta njia ya kumfundisha rubani akiwa bado chini.

Mmarekani mmoja, Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua viriba na pampu za hewa za vinanda akaunda ndege ya bandia iliyoinama na kugeuka kama ndege ya kweli. Hiyo ilikuwa mwaka 1929, na kwa miaka kadhaa watu waliiona kama pembea ya watoto. Mwaka 1934 Jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani wake kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa kwa sababu hawakuzoea kurusha kwa kutazama vipimo tu. Hapo ndipo Jeshi lilipomkumbuka Link, likanunua vyombo vyake sita. Siku hizi hakuna rubani wa ndege kubwa ya abiria anayefuzu bila kukaa katika simuleta.

Kompyuta ilipoingia, simuleta iliingia majumbani. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa programu iitwayo Flight Simulator, kazi ya Bruce Artwick na wenzake. Toleo la mwaka 2020 lilikuwa na dunia nzima, iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti na ramani. Mtu aliyeketi Dar es Salaam au London aliweza kuondoka Musoma, akaiacha ziwa mgongoni, akapita juu ya milima ya kwetu na kuufuata mto Mara. Kijana ambaye hajawahi kukanyaga ngazi ya ndege aliweza kujifunza maana ya dira, mwinuko, kasi ya upepo na uzito wa mafuta. Mwalimu yeyote wa fizikia au jiografia aliyeko hapa ataelewa faida yake.

Sasa nifike kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Tarehe 19 Novemba 2024 lilitolewa toleo jipya. Lilisifiwa miezi mingi kabla. Ili lisijaze kompyuta ya mnunuzi, sehemu kubwa ya dunia yake haikuwekwa ndani ya kompyuta, bali ilikuwa ikiletwa kidogo kidogo kwa intaneti kutoka kwenye seva za kampuni. Wazo hilo si baya. Lakini siku ya kwanza watu wakaja wote kwa pamoja, na seva zikashindwa. Wengi walikaa saa nzima au zaidi wakitazama hesabu ya kupakia ikifika asilimia 97 na kusimama hapo. Waliobahatika kuingia waliona ndege walizolipia hazipo, au ardhi imekosa sehemu zake. Watumiaji wakamiminika kuandika malalamiko yao, tena kwa maneno makali.

Siku hiyo hiyo wakuu wa kazi ile, Jorg Neumann wa Microsoft na Sebastian Wloch wa kampuni ya Asobo ya Ufaransa, walijitokeza hadharani wakaeleza na kuomba radhi. Walisema kwamba walikuwa wameujaribu mfumo kwa watumiaji wa bandia 200,000, lakini watu halisi walipokuja, sehemu moja ya kuhifadhia data ililemewa, na kila walipoiwasha upya ilifanya kazi kwa muda kisha ikalemewa tena. Nawasifu kwa kusema kweli mapema. Lakini lizingatieni lile jaribio. Ni sawa na fundi aliyejenga daraja akalipima kwa kupitisha mbuzi, halafu siku ya mnada wakaja ng'ombe.

Ndugu Mwenyekiti, kinachouma katika jambo kama hili si kasoro peke yake. Kila kazi ya mikono ya watu ina kasoro. Kinachouma ni kwamba mtumiaji amegeuzwa kuwa mjaribu wa bidhaa bila kuulizwa, na kwamba amelipa fedha yake ili afanye kazi hiyo. Kinachouma pia ni kwamba chombo kiko mezani pake, umeme anaulipa yeye, lakini uwezo wa kukitumia uko mikononi mwa mtu mwingine aliye mbali. Seva ikilala, kompyuta yake ni sanduku tu. Hapo nawaomba wale wanaosema kwamba maendeleo ni kununua kila kilicho kipya wafikiri tena.

Yupo atakayesema, huo ni mchezo, na mchezo ukiharibika hafi mtu. Basi tuhame kidogo kutoka kwenye simuleta za nyumbani twende kwenye zile za kufunzia marubani wa kweli. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, namba 302, iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na mji wa Bishoftu, na watu wote 157 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo majirani zetu Wakenya 32. Ndege hiyo ilikuwa Boeing 737 MAX 8, toleo jipya la ndege ya zamani. Ndani yake iliwekwa programu iitwayo MCAS, ambayo iliweza kuinamisha pua ya ndege kwa kutegemea kipimo kimoja tu. Kipimo kikitoa habari ya uongo, programu iliiamini. Miezi mitano nyuma, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka huko Indonesia na kuua watu 189.

Marubani waliotoka kwenye toleo la zamani hawakulazimishwa kuingia katika simuleta ya toleo jipya. Walipewa somo fupi la kompyuta, na programu ile haikuelezwa katika vitabu vyao. Katika ndege ya Ethiopia marubani walikata umeme wa kifaa kile kama walivyoelekezwa baada ya ajali ya kwanza, wakajaribu kurudisha pua juu kwa gurudumu la mkono, lakini wakashindwa kwa sababu ya nguvu ya hewa katika mwendo ule. Na mwezi Mei 2019 Boeing yenyewe ilikiri kwamba programu ya simuleta za MAX ilikuwa na kasoro: haikuweza kuigiza sawasawa hali fulani za safari, na ilibidi irekebishwe.

Sisemi kwamba simuleta ndiyo iliyoiangusha ndege. Nasema kwamba gogo lilikuwa jepesi kuliko plau. Chombo cha kujifunzia kikidanganya, kosa halikwepeki. Huahirishwa tu mpaka siku ya kazi yenyewe. Ndege zile zilizuiwa kuruka karibu duniani kote, na Marekani ilipoziruhusu tena Novemba 2020 iliweka sharti kwamba programu irekebishwe na marubani wapite kwenye simuleta kwanza. Sharti hilo linatuhusu hata sisi, kwani Shirika letu la Ndege lilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023.

Wengi wetu tulio hapa si marubani. Sisi ni watumishi wa umma, walimu, waganga na wafanyabiashara. Lakini jambo ni lile lile. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikiwa mtumishi wa kawaida, niliona toleo jipya la programu ya kumbukumbu likiletwa Jumatatu, ilhali la zamani lilikuwa limeondolewa Ijumaa. Majina ya watu yalipotea, risiti zikagoma kutoka, na wazee waliotoka vijijini kwa basi la alfajiri wakaketi chini ya mwembe mpaka magharibi wakiambiwa, "Mtandao unasumbua." Haukuwa mtandao. Kilikuwa kitu kipya ambacho hakikujaribiwa na mtu anayefanana na wale wazee. Aliyelipia kasoro ile kwa nauli yake ni mkulima, naye hakuwa na habari hata kwamba kuna toleo jipya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina mapendekezo manne.

Kwanza, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tukifunga kompyuta katika shule hii, toleo la zamani linalofanya kazi lisifutwe mpaka lile jipya limalize angalau muhula mmoja likitumika pembeni.

Pili, tununue programu zinazofaa mahali hapa. Umeme wetu hukatika, na intaneti kwenye milima hii huja na kuondoka kama ukungu wa asubuhi. Programu isiyoweza kufunguka bila seva ya mbali si mali ya shule, hata kama risiti iko kabatini. Tuulize swali hilo kabla ya kutoa mchango, si baada ya hapo.

Tatu, nawaomba wanafunzi muwe na daftari la kasoro. Kusema "haifanyi kazi" ni kunung'unika tu, na manung'uniko hayamsaidii fundi. Andikeni tarehe na saa, mlibonyeza nini, mlitazamia nini, na kilitokea nini badala yake. Kisha rudieni hatua hizo hizo muone kama kasoro inarudi. Mkifanya hivyo mtakuwa mnafanya sayansi kama ile mnayofundishwa maabara. Na msione haya kulalamika kwa sababu chombo kimetoka ng'ambo. Mnunuzi anayenyamaza huwa ameikubali kasoro.

Nne, nawageukia wale ambao kesho mtakuwa mnatengeneza programu hizi, maana najua mmo humu. Jaribuni kazi yenu kwa siku ya mnada, si kwa siku ya kawaida. Mketisheni mbele yake mama muuza ndizi wa Sirari na askari wa wanyamapori wa Mugumu, muwatazame kimya wanapokwama. Kama bado haijaiva, kuweni na ujasiri wa kumwambia mkubwa wenu kwamba haijaiva, hata kama siku ya uzinduzi imekwisha kutangazwa na mgeni rasmi amekwisha kualikwa. Ujasiri huo ni mgumu kuliko hesabu zote za kidato cha sita, na hauna mtihani wa kuupima.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kuwatia watu hofu ya kompyuta. Napenda vijana wa shule hii warushe ndege za kuigiza, na kesho warushe za kweli. Ninachoomba ni kwamba gogo tutakalowapa liwe na uzito wa haki. Mchango wangu kwa chumba cha kompyuta nimemkabidhi Mtunza Hazina asubuhi hii, pamoja na madaftari mawili matupu. Hayo ni ya kuandikia kasoro.