Divai, Damu na Hadithi za Giza

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Nimepewa nusu saa, na Ndugu Katibu amekwisha kunionya kwamba chakula kitakuwa tayari saa saba kamili. Kwa hiyo naingia katika jambo lenyewe bila kuzunguka.

Wajumbe wanajua kwamba katika orodha ya vitabu tutakavyoinunulia maktaba kwa mchango wa mwaka huu vimo vitatu ambavyo baadhi yetu wametaka vifutwe kabla ya kura ya alasiri. Navyo ni Dracula cha Bram Stoker, na riwaya mbili za Graham Greene, The Power and the Glory na The Heart of the Matter. Sababu iliyotolewa ni kwamba vinachezea mambo matakatifu. Katika kimoja hostia inabebwa mfukoni kama dawa ya kufukuzia mashetani. Katika cha pili padre mlevi anaadhimisha misa. Katika cha tatu mtu anapokea komunyo huku akijua ana dhambi ya mauti. Yote hayo yamo, sikatai. Mimi nimeombwa kusema kwa upande wa vitabu, na sitavitetea kwa kudai kwamba havina giza. Giza limo tele. Nasema tu kwamba giza hilo linatokana na kuiamini sakramenti, na kwamba mtu asiyeiamini hata kidogo asingeweza kuandika hadithi za namna hiyo.

Wenzangu Waislamu, na hata Wakristo waliosinzia katika vipindi vya dini, wanivumilie nieleze kidogo. Wakatoliki huhesabu sakramenti saba: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja na Ndoa. Makanisa mengi ya Kiprotestanti huhesabu mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Katika mafundisho ya Kikatoliki, sakramenti ni ishara inayotenda kile inachokionyesha. Maji yanaosha kweli. Mkate si ukumbusho tu. Sasa mwandishi wa hadithi akikubali kwamba kitu fulani kinatenda kweli, mara moja maswali ya kutisha yanamjia. Je, kikikosekana? Je, kikilazimishwa? Je, kikigeuzwa juu chini? Je, kikiwa mikononi mwa mtu asiyestahili? Kwa maoni yangu, fasihi ya giza ya Ulaya imejilisha kwa maswali hayo kwa miaka mingi sana.

Mfano wa kukosekana tunao katika Hamlet, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1600. Mzimu wa mfalme unamtokea mwanawe na kumweleza jinsi ndugu yake alivyomtilia sumu sikioni akiwa amelala bustanini. Kinachomuuma mno ni kwamba aliuawa bila kuungama, bila komunyo na bila kupakwa mafuta. Kumbukeni kwamba wakati huo Uingereza ilikwisha kuacha Ukatoliki, na fundisho la toharani lilikuwa limekataliwa rasmi. Hata hivyo watazamaji walitetemeka. Baadaye Hamlet anamkuta mwuaji amepiga magoti akisali, naye anarudisha upanga alani, kwa kuwa hataki kumwua mtu akiwa katika toba, akaenda mbinguni. Kumbe yule mfalme mpya hakuweza kutubu, kwa sababu bado alitaka kubaki na taji na mke aliyevipata kwa dhambi. Fikirini ukatili wa wazo la Hamlet: kuua mwili peke yake anaona hakutoshi.

Kulazimishwa tumekuona sisi wenyewe darasani. Mwalimu Nyerere alipotupatia Mabepari wa Venisi mwaka 1969, wengi tulicheka jinsi Shailoki alivyoshindwa kesi ya ratili ya nyama. Lakini hukumu yake ina sharti moja tulilokuwa tukilipita haraka haraka: kwamba Myahudi huyo awe Mkristo. Ubatizo unatolewa mahakamani pamoja na kunyang'anywa mali, kama sehemu ya adhabu. Mchezo huo huitwa wa kuchekesha. Mimi naiona sehemu hiyo kuwa ya giza kuliko damu yote iliyomwagika katika Macbeth, na sijui kama mwandishi alitaka niione hivyo.

Sasa tuje kwa Dracula. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1897, na mwandishi wake alikuwa Mwairishi wa Kiprotestanti aliyezaliwa Dublin mwaka 1847. Wengi wetu tumeona sinema tu, kwa hiyo tunadhani ni habari ya meno marefu na popo. Ukikisoma utaona kwamba kimejengwa juu ya altare iliyopinduliwa. Mnyonya damu anaishi milele kwa kunywa damu ya wengine. Mkristo anaahidiwa uzima wa milele kwa damu iliyotolewa kwa ajili yake. Mmoja anachukua, mwingine anatoa, na ibada ni ile ile ikitazamwa kwa kioo. Lucy anapozidiwa, wanaume wanne wanatiwa damu yao katika mishipa yake mmoja baada ya mwingine, na mchumba wake anasema kwamba kwa tendo hilo anajiona amekwisha kufunga naye ndoa. Wale watatu hawathubutu kumwambia kwamba nao wametoa. Kisha Dracula anamlazimisha Mina anywe damu kutoka kifuani mwake, huku akitumia maneno yaliyogeuzwa kutoka habari ya Adamu na Hawa. Ni ubatizo, komunyo na ndoa kwa pamoja, vyote vikiwa vimeoza.

Baada ya hapo inafuata sehemu ambayo mimi nikiisoma huweka kitabu chini. Profesa Van Helsing anamgusa Mina kwa hostia kwenye paji la uso ili kumkinga, nayo inamwunguza kama chuma cha moto na kumwachia kovu. Yeye hana kosa lolote. Alitendewa. Lakini kitu kitakatifu kinamkataa, na kilio anachokitoa ni cha mtu aliyetengwa na Mungu wake kwa dhambi ya mwingine. Kuna mabinti wengi katika nchi yetu wanaoelewa jambo hilo bila ya kusoma kitabu.

Hata hivyo, walioleta hoja ya kukipinga wana haki katika jambo moja. Van Helsing huyu anatumia hostia kama hirizi. Anaivunja na kuichanganya kama udongo wa kuzibia nyufa za mlango wa kaburi, na anapoulizwa anajibu kwamba ana rehema kutoka kwa Kanisa. Mkatoliki yeyote aliyesoma katekisimu anajua kwamba rehema ni jambo jingine kabisa, na kwamba hakuna ruhusa ya kufanya Ekaristi kuwa lipu. Stoker aliitazama sakramenti kwa mbali, kama jirani anayesikia ngoma za nyumba ya pili. Tunaowajua waganga wa kienyeji tunaitambua hirizi mara moja: ukiwa nayo, inafanya kazi, hata moyo wako uweje. Wanafunzi wakisome, na mwalimu wa fasihi awaulize swali hilo hilo, kama hostia ya Van Helsing ni sakramenti au ni dawa. Mjadala utawaka.

Greene alikuwa mtu wa ndani. Alizaliwa mwaka 1904 na kuingia Ukatoliki mwaka 1926, na mwaka 1938 akasafiri Mexico. Huko, katika jimbo la Tabasco, mtawala aliyeitwa Tomás Garrido Canabal alikuwa amefunga makanisa na kuweka sheria ya kwamba padre lazima awe ameoa. Kutokana na safari hiyo akaandika The Power and the Glory, kilichotoka mwaka 1940. Padre wa mwisho anawindwa na polisi. Ni mlevi, ni mwoga, na amezaa mtoto. Anajua ya kwamba ili dhambi yake iondolewe ni lazima aijutie, lakini mtoto huyo anampenda mno, na hawezi kujuta kwamba yupo. Jina lake hatuambiwi mpaka mwisho.

Lipo tukio moja ambalo ningetamani kila kijana hapa alisome. Padre anatafuta divai ya misa katika mji ambamo vileo vimepigwa marufuku isipokuwa bia. Anafaulu kununua kwa magendo chupa ya divai na chupa ya brandi kutoka kwa jamaa ya gavana. Sasa adabu inadai amkaribishe muuzaji kinywaji. Padre anamsihi anywe brandi. Yeye anasema ataonja divai. Mkubwa mwingine anaingia, naye anakaribishwa. Wanakunywa, wanasimulia, wanacheka, na divai inashuka katika chupa mpaka tone la mwisho, huku padre amekaa pale machozi yakimtoka wasijue analia nini. Hakuna damu wala jini. Ni watu wa kawaida wenye ukarimu, wakinywa bila kujua misa za jimbo zima. Kisha anakamatwa kwa ajili ya ile brandi iliyobaki.

Je, misa ya padre wa namna hiyo ni misa? Swali hili halikuzaliwa Mexico. Lilizaliwa Afrika. Mwanzoni mwa karne ya nne, Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waligawanyika kwa sababu baadhi ya wakuu wao walikuwa wamesalimisha Maandiko wakati wa mateso ya Diocletian yaliyoanza mwaka 303. Wadonati walishika kwamba sakramenti za wasaliti ni bure. Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba nchini Algeria, aliwajibu kwamba mtendaji ni Kristo mwenyewe, na mkono mchafu wa mtumishi hauyachafui maji. Ushindani huo ulifika mpaka kwenye mkutano mkubwa wa Karthago mwaka 411. Greene amelichukua jibu la Agostino akalitia katika mwili wa mlevi, akamwacha atembee matopeni tuone kama litasimama.

Na linamgharimu. Padre amekwisha kuvuka mpaka, yuko salama, ndipo msaliti anapomletea habari kwamba jambazi wa Kimarekani anakufa na anahitaji kuungama. Anajua ni mtego, na anarudi. Jambazi anakataa kuungama. Padre anakamatwa na kuhukumiwa kifo. Usiku wa mwisho yule luteni adui wa dini, aliyemwinda muda wote, anakwenda mwenyewe kumwomba Padre José, aliyekubali kuoa ili asiuawe, aje kumwungamisha mwenzake. Padre José anakataa kwa hofu. Hivyo mtu aliyerudi kufa ili mwingine aungame, anakufa yeye bila ya kuungama.

Kuhusu The Heart of the Matter cha mwaka 1948 nitasema machache, kwani harufu ya pilau imekwisha kufika. Scobie ni afisa wa polisi katika koloni la Uingereza huko Afrika ya Magharibi. Greene mwenyewe alifanya kazi Sierra Leone wakati wa vita. Ana mke, na ana mwanamke mwingine, na wote wawili anawahurumia. Mke anamtaka waende pamoja kupokea komunyo. Siku ya kwanza anakunywa brandi asubuhi, kwa maana siku hizo mfungo ulianza usiku wa manane, na aliyekunywa hawezi kupokea. Akaungama, lakini hakuweza kuahidi kumwacha yule mwingine, basi hakuondolewa dhambi. Mwishowe anapokea hivyo hivyo, ili mke asijue, akiamini kwa hakika kwamba anakula hukumu yake. Mtu asiyeamini angekula kipande cha mkate na kwenda kunywa chai. Scobie anapiga magoti pale akiwa na hofu kuu kuliko ya mtu yeyote katika kitabu cha Stoker. Baadaye anajiua.

Kama kuna anayedhani kwamba mimi ni mlegevu, nimkumbushe kwamba hata Roma ilisita. Mwaka 1953 ofisi ya Vatikano inayosimamia imani ilikilalamikia kitabu cha padre mlevi, na Greene akaitwa na Askofu Mkuu wa Westminster. Mwaka 1965 Papa Paulo wa Sita alimwambia Greene kwamba amekisoma, na kwamba sehemu fulani zitawachukiza Wakatoliki fulani siku zote, ila asijali. Nasi tumewahi kuwa na kesi yetu: Rosa Mistika cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 na kubeba jina la Bikira Maria kutoka katika litania, kilizuiwa mashuleni, kisha miaka ya baadaye kikasomwa mashuleni humo humo.

Ndugu Mwenyekiti, wapo waliopendekeza njia ya katikati, kwamba vitabu vinunuliwe lakini vikae katika kabati la ofisini, na mwanafunzi aombe ufunguo. Nalipinga hilo pia. Sote tuliosoma hapa tunajua vitabu vya kabati vilisomwa wapi na saa ngapi, na kwamba hapakuwa na mwalimu wa kuuliza. Naomba viwekwe rafuni pamoja na vingine, kwa kidato cha tano na cha sita, na ile The Power and the Glory isomwe darasani. Nakala mbili nimekuja nazo; ziko kwa mwalimu wa maktaba tangu asubuhi, kura iwe vyovyote itakavyokuwa. Maswali nitayajibu mezani.