WALEZI WA WATOTO WADOGO
Hotuba iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Nimeombwa niseme machache juu ya historia ya elimu ya watoto wadogo. Nitaanzia mbali, katika milima ya Alsace nchini Ufaransa, kwa kuwa habari ya huko yahusu mchungaji wa Kilutheri na wasichana wa usharika wake.

Mwaka 1767 Mchungaji Johann Friedrich Oberlin alifika Waldersbach, mahali penye umaskini mwingi. Wazazi walishinda mashambani, na watoto walibaki bila mwangalizi. Msichana mmoja, Sara Banzet, alikuwa amekwisha kuanza kuwakusanya na kuwafundisha kufuma kwa sindano. Oberlin alipoiona kazi hiyo hakuipuuza. Alimwajiri Sara, kisha akaongeza wengine. Watoto walifuma, waliimba, walisimuliwa habari za Biblia na kujifunza majina ya mimea.

Sara alifariki mwaka 1774, angali kijana. Miongoni mwa walioendeleza kazi ni Louise Scheppler, aliyeingia nyumbani mwa mchungaji kama mtumishi wa ndani akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka 1829 Akademia ya Ufaransa ilimtunukia faranga 5,000. Alifariki mwaka 1837. Mwaka huohuo, huko Blankenburg, Ujerumani, Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alifungua taasisi ambayo mwaka 1840 aliipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Alishikilia kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851. Fröbel alifariki mwaka 1852, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860.

Hapa kwetu twazijua kama shule za vidudu, au chekechea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua rasmi elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6. Hata hivyo, kabla ya sera hiyo sharika nyingi zilikwisha kuwakusanya watoto makanisani na chini ya miti.

Ndugu zangu, nimeisoma rasimu ya kitabu cha jubilei. Wachungaji wote wametajwa, na wazee pia. Walimu wa chekechea wameandikwa kwa maneno matatu tu: "akina mama waliosaidia." Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Ujira wake niliouona mimi ulikuwa debe la mahindi wakati wa mavuno.

Naomba mambo mawili. Kwanza, majina yao yaandikwe kabla kitabu hakijapelekwa kiwandani, maana wanaoyakumbuka wanapungua. Pili, mshahara wa walimu wa sasa uingizwe katika bajeti ya usharika. Oberlin hakumsifu Sara tu, alimwajiri.

Mungu awabariki.